Kuzisaidia Zahanati za Mashamba

Ndugu zetu wa darsa wamekusanya fedha, na fedha hizo hivi sasa zimewekwa zikingoja shauri. Wengi wataka tufanye kama tulivyofanya mwaka juzi: tukodi basi, tuwaombe madaktari wawili watatu wa mjini watupe siku yao moja, tununue dawa, twende bara tukawatibu watu wa mashamba, kisha turudi magharibi. Wachache wasema: ngojeni kwanza. Nami nimeombwa niandike somo juu ya jambo hili, kwa sababu safari ile ya mwaka juzi mimi ndimi niliyeiongoza, na lililokwenda kombo ndani yake nalijua zaidi kuliko wengine.

Nitalieleza kwa ufupi. Tulifika saa tatu za asubuhi na masanduku kumi na moja ya dawa, tukakuta watu wamekwisha jaa uwanjani. Madaktari walifanya kazi bila ya kupumzika hata alasiri, wakawatazama watu zaidi ya mia mbili, nasi tukagawa dawa, tukapiga picha, tukaombewa dua. Tulipokuwa twafunga masanduku akaja bi kizee mmoja, mkononi ana bahasha ya vidonge vya shinikizo la damu alivyopewa vya mwezi mmoja. Akasema, "Maalim, nimeshukuru. Vikisha hivi, niende kwa nani?" Nikamwambia aende pale pale kwenye zahanati ya kijiji. Akacheka kidogo, akanijibu, "Mwanangu, pale havipo. Vingekuwapo ningewangoja nyinyi?"

Sikuwa na jawabu. Na kabla hatujaondoka, muuguzi wa zahanati ile, mama mpole ambaye ndiye aliyetupikia chai, alinivuta pembeni akaniambia mambo mawili kwa adabu kubwa. La kwanza, siku ile tuliyoichagua ilikuwa siku yake ya wajawazito na chanjo za watoto, naye aliwarejesha kina mama majumbani kwa ajili yetu. La pili, yale masanduku manne tuliyomwachia yalikuwa na dawa ambazo muda wake ulibakia wiki chache, na nyingine zimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu pale aijuaye. Hakuwa na pahali pa kuzitupa. Basi tulikwenda kumpunguzia mzigo, tukaondoka tumemwongezea.

Kosa hili wamelifanya wakubwa kuliko sisi. Katika vita vya Bosnia, baina ya mwaka 1992 na 1996, dunia iliwaonea huruma watu wale ikawapelekea dawa kwa maelfu ya tani. Madaktari waliokuja kuzipima baadaye wakakadiria kuwa tani 17,000 za dawa hizo hazikuwa na faida yoyote: zimepitwa na wakati, au ni za maradhi yasiyokuwapo, au hazijulikani ni nini. Gharama ya kuziangamiza ilikadiriwa kuwa dola milioni 34. Ndipo mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa utoaji wa dawa: zisipelekwe ila kwa haja iliyotajwa na wenye kuzipokea, ziandikwe kwa lugha wanayoifahamu, na zikifika ziwe zimebakiwa na muda usiopungua mwaka mmoja. Sisi mwaka juzi tulivunja masharti yote matatu katika siku moja, na tulikuwa hatujui kwamba yapo.

Sasa natukiulize kisa cha watu waliofanya jambo hili kwa njia nyingine. Nimekichagua kisa cha Bangladesh kwa kuwa nchi ile ilianza katika ufukara ulio mkubwa kuliko wetu, na aghalabu ya watu wake ni Waislamu wa vijijini ambao mila zao hazitutokei mbali.

Mwaka 1971, Wabengali wa Pakistan ya Mashariki walipokuwa wakipigania kujitenga, na mamilioni ya wakimbizi wakivuka mpaka kuingia India, madaktari wawili vijana waliokuwa Uingereza masomoni, Zafrullah Chowdhury na M. A. Mobin, waliacha masomo yao wakaenda mpakani. Pahali paitwapo Melaghar, katika jimbo la Tripura, wakasaidia kusimamisha hospitali ya mianzi iliyofikia vitanda 480. Majeruhi walikuwa wengi na wauguzi hawakutosha. Ikabidi wafundishwe wasichana na wanawake wa kambini, ambao hawakupata kushika sindano maishani mwao, wafunge majeraha na kuwaangalia wagonjwa. Wakaweza. Chowdhury alitoka vitani na jambo hilo moja kichwani mwake.

Mwaka uliofuata, nchi ikiwa imekwisha pata uhuru, yeye na wenziwe walihamia Savar, mashambani karibu na mji mkuu wa Dhaka, wakaanza kazi ndani ya mahema. Wakaiita Gonoshasthaya Kendra, maana yake Kituo cha Afya ya Umma. Shida waliyoikuta ni hii hii yetu: madaktari wako mjini, wagonjwa wako mashamba, na daktari akipelekwa shamba hakai. Chowdhury hakuwasubiri madaktari. Aliwatafuta vijana wa vijiji vile vile, wengi wao wasichana waliosoma madarasa machache, akawafundisha kwa miezi kadhaa kuchanja, kutibu kuhara na minyoo na homa, kuwatazama wajawazito, na, lililo kubwa zaidi, kumjua mgonjwa aliye juu ya uwezo wao ili wampeleke kwa daktari mapema. Kisha akawapa baiskeli.

Natukae kidogo juu ya baiskeli hizo. Katika kijiji cha Kibengali cha wakati ule, msichana kupanda baiskeli na kupita njiani peke yake lilikuwa jambo la kuwatoa watu milangoni. Wazee walinung'unika, na manung'uniko ya namna hiyo sisi wa pwani twayajua. Lakini msichana yule alikuwa binti wa pale, babake ajulikana na nyumba yake yajulikana. Mtoto akizidiwa usiku, mlango wa kubishwa ulikuwapo. Daktari wetu wa siku moja, hata awe bingwa wa mabingwa, usiku huwa amekwisha rudi mjini.

Wenye elimu nao walikuwa na shaka yao: je, mtu asiyekuwa daktari aweza kuaminiwa? Mwaka 1975 The Lancet, jarida la madaktari la Uingereza, lilichapa khabari ya wanawake wa Savar waliofundishwa upasuaji wa kufunga uzazi. Hukumu ya upasuaji wenyewe si maudhui yetu leo, na atakaye kuniuliza aje darsani. Ninachotaka kionekane ni kwamba mkono uliofundishwa vyema, na kusimamiwa vyema, uliweza kazi iliyodhaniwa ni ya wenye shahada peke yao.

Wala asidhani mtu kwamba yote yalikuwa shangwe. Anayetibu kwa bei nafuu huwagusa waliokuwa wakila kwa bei ghali, na anayewazindua mafukara huwaudhi waliozoea kuwaona wamelala. Mwaka 1976 mmoja wa wahudumu wa kituo hicho, aliyekuwa akifanya kazi katika zahanati ndogo ya Shimulia, aliuawa. Wenziwe hawakuifunga kazi.

Na jambo la malipo. Pale Savar, tangu mapema, kila nyumba ilitakiwa itoe kitu kwa ajili ya matibabu, kila mmoja kwa kadiri ya hali yake: fukara kabisa kitu kidogo sana, mwenye shamba zaidi, tajiri zaidi ya hapo. Baadhi ya ndugu zetu watasema huu ni ugumu wa moyo, maskini apewe bure. Nami zamani nilikuwa na rai hiyo. Lakini mtazame bi kizee wetu. Alichopewa bure hakuwa na haki ya kukidai mwezi wa pili. Angemdai nani, nasi tumekwisha panda basi? Aliyelipa, hata iwe senti, aweza kusimama mlangoni akasema, "Dawa yangu iko wapi?" Sisemi kwamba kila pahali patozwe, fukara asiye na kitu asifukuzwe, na hilo halina mjadala. Nasema kwamba watu wa Savar walitaka mgonjwa awe mwenye zahanati, asiwe mgeni wake.

Je, wageni na washirika wa nje hawakuwapo? Walikuwapo sana. Fedha zilitoka Ulaya, na wageni wakaja kujitolea. Lakini tazama fedha zile zilikwenda wapi. Mwaka 1981 kituo kilifungua kiwanda chake cha kutengeneza dawa za lazima kwa bei nafuu, kwa msaada wa mashirika ya nje. Mwaka wa pili yake, 1982, serikali ikapitisha sera ya dawa ambayo Chowdhury alikuwa miongoni mwa waliyoipigania: ikataja dawa 150 kuwa ndizo za lazima, na ikaziondoa sokoni dawa zaidi ya 1,700 zilizoonekana hazina maana au zina madhara. Kampuni kubwa za nje zilipiga kelele, na serikali nyingine zikaingia kuwatetea wafanya biashara wao, lakini sera ilisimama. Hapo ndipo fedha ya mshirika ilipofanya kazi ambayo sanduku la dawa haliwezi kuifanya: sanduku humalizika, na kiwanda hutoa sanduku jingine.

Chowdhury mwenyewe aliugua figo uzeeni. Alikuwa amefungua Dhaka nyumba ya kusafishia damu kwa bei ambayo watu wa chini waliweza kuilipa, naye akasafishiwa damu humo humo, akakataa kupelekwa nje ya nchi kwa matibabu. Akafia katika hospitali ya kituo chake tarehe 11 Aprili 2023. Walioanzisha hospitali za maskini ni wengi. Waliokubali kulazwa ndani yake ni wachache.

Hayo ni ya Savar. Katika nchi hiyo hiyo kuna khabari ya pili, nayo yatufaa kwa sababu yaonyesha kwamba hata kazi njema ya kufundisha yaweza kupotea ikiwa haikupimwa.

Maradhi ya kuhara huua kwa kumkausha mtu maji. Mwaka 1968, katika maabara ya utafiti wa kipindupindu ya Dhaka, vijana wawili wa Kimarekani, David Nalin na Richard Cash, walidhihirisha kwamba mgonjwa wa kipindupindu aweza kurudishiwa maji yake kwa kunywa mchanganyiko wa chumvi na sukari uliopimwa, akahitaji maji ya mshipani kidogo sana. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, maji ya mshipani yalipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa mchanganyiko huo kwa vikombe, wakinyweshwa na jamaa zao. Kabla yake walikuwa wakifa kama thelathini katika kila mia; waliotibiwa kwa njia hiyo vifo vyao vilishuka chini ya wanne katika mia. Basi dawa ilikuwa imekwisha patikana, tena ya jikoni. Iliyobaki ni kuifikisha kwa mama aliye kijijini.

Aliyeichukua kazi hiyo ni Fazle Hasan Abed. Huyu hakuwa daktari. Alikuwa mhasibu, naye aliuza nyumba yake ya London ili aanze kuwasaidia wakimbizi waliorejea makwao katika vijiji vya Sulla, mwaka 1972, kwa shirika lijulikanalo kwa jina la BRAC. Kuanzia mwaka 1980 shirika hilo liliwatuma wanawake waende mlango kwa mlango wamfundishe kila mama: chumvi kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole vitatu, na sukari guru ya kujaa kitanga, katika kipimo cha maji kilichojulikana nyumbani. (Jina hili la "guru" sisi wa pwani twalipata huko huko Bara Hindi.) Mama alifundishwa mpaka achanganye kwa mkono wake mwenyewe. Kazi iliendelea miaka kumi, na milango iliyobishwa ilizidi milioni 12.

Lakini sikilizeni namna walivyolipwa wale waalimu. Baada ya wiki kadhaa mtu mwingine alipelekwa kwa baadhi ya kina mama, waliochaguliwa bila ya kujulikana mapema, akawauliza wanakumbuka nini. Na mshahara wa mwalimu ukahesabiwa kwa yale ambayo mama aliyakumbuka. Hakulipwa kwa milango aliyoibisha. Nasi mwaka juzi tuliandika katika ripoti yetu, "Watu zaidi ya mia mbili wametibiwa." Hakuna aliyerudi kuwauliza.

Na hata hivyo BRAC walikosea mwanzoni. Walipochunguza wakaona kwamba kina mama wakumbuka somo lote vizuri, na mtoto akihara hawalitumii. Sababu zilikuwa mbili. Waalimu wenyewe walikuwa hawaiamini ile dawa. Wakiugua wao au watoto wao walitafuta vidonge. Na wanaume walikuwa wameachwa nyuma: mama amejua, na mwenye nyumba asema maji ya chumvi si dawa, haya nenda kanunue vidonge. Basi waalimu wakapelekwa maabara wakaone kwa macho yao mgonjwa aliyekauka akirudi, na wanaume wakafuatwa sokoni, shuleni na misikitini wakaelezwa. Matumizi yakapanda. Imamu wa kijiji aliyesimama akawaambia watu kwamba dawa hii ni ya kweli alifanya kazi ya utabibu siku ile, na sidhani kama alijua. (Wasomaji wenye watoto wajue kwamba siku hizi kipimo cha jikoni kimeachiwa pakiti za chumvi ya kunywa pamoja na vidonge vya zinki, navyo huombwa zahanati.)

Nitataja nchi moja nyingine, kwa uchache, kwa sababu ndugu mmoja aliniambia: "Yote haya ni ya kufundisha, je, mgonjwa aliyekwisha fundishwa na dawa anayo, naye hana chakula?" Jawabu la swali lake liko Haiti. Huko Cange, miongoni mwa wakulima ambao mashamba yao yalizamishwa na bwawa la Péligre katika miaka ya 1950, Padri Fritz Lafontant wa nchi hiyo pamoja na kijana wa Kimarekani Paul Farmer na wenziwe walikuwa wamejenga zahanati. Walikuwa wakitoa dawa ya kifua kikuu bure, na bado wagonjwa wakifa. Wakubwa wa zahanati walisema wagonjwa wana ushirikina, hawafuati maagizo. Basi yakafanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilipewa dawa, na juu yake mtu wa kijijini wa kuwatembelea kila siku, chakula, na kiasi cha dola 30 kwa mwezi za nauli na matumizi. Fungu la pili lilipewa dawa tupu. Wa kwanza walipona wote. Wa pili walipona takriban nusu. Na imani zao juu ya ugonjwa, ambazo ndizo zilizolaumiwa, zilikuwa hazitofautiani. Tangu hapo kila mgonjwa akawekewa mtu wa kijiji chake wa kumfuatana naye, na mtu huyo hulipwa.

Neno hilo la kulipwa ndilo linalowatatiza wengi wetu. Twapenda kazi ya kujitolea, na ni jambo zuri kwa aliyeshiba. Ama kumtaka mama fukara wa kijijini aache shamba lake kila siku azunguke kwa wagonjwa kwa ajili ya shukrani tu, huko ni sisi kujitolea kwa jasho lake. Miaka mingi wahudumu wa afya wa vijiji vya Kenya walifanya kazi hiyo bure au karibu na bure, na wengi wakaiacha. Mwaka 2023 serikali ikapanga wapewe shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na mikoba ya vifaa. Si fedha nyingi. Lakini ni kukiri kwamba kazi ni kazi.

Ipo kazi ambayo mgeni wa siku chache aifaa kweli, nami sitaki kuwavunja moyo madaktari wetu. Mtoto wa jicho hupasuliwa kwa muda mfupi na kipofu akaona, maadamu yuko mtu wa kumtazama jicho wiki zinazofuata. Daktari aweza pia kukaa na muuguzi siku nzima, wakatazama wagonjwa pamoja, akamwachia ujuzi ambao kesho hauhitaji basi.

Nimerudi kwa yule muuguzi mwezi uliopita, safari hii bila ya masanduku, nikamwuliza swali ambalo ilinipasa nimwulize mwaka juzi: wataka nini? Alifikiri kidogo. Akasema nauli ya kwenda kuchukua dawa na chanjo makao makuu, kwani mara nyingine zipo huko na yeye hana cha kuzifikia. Mlinzi wa usiku, ili kina mama wajifungue pale bila ya khofu. Taa. Na vidonge vya shinikizo la damu, vya miezi kumi na miwili, kwa wagonjwa kumi na tisa ambao majina yao anayo daftarini. Bi kizee wetu ni wa saba katika orodha hiyo. Sikusikia kwake neno basi, wala neno picha.

Nimezipiga hesabu haja hizo. Fedha zilizokusanywa zatosha nauli, mlinzi na vidonge kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Taa itabidi itafutiwe njia nyingine. Safari ya siku moja ingezila zote hizo kabla ya magharibi. Hesabu yenyewe itasomwa Alkhamisi baada ya sala ya isha, na kila aliyetoa fedha yake, hata kama ni mmoja wa wanaotaka basi, ana haki ya kuja kuipinga.